Mluzi Katika Sauti ya Mtoto

Gari likipiga mluzi ndani ya spika, jambo la kwanza ni kuzima injini na kuiacha kanda iendelee. Hilo nililijua hata kabla sijajua kusoma mita. Lakini siku lile gari la matangazo lilipoletwa kwangu Kasulu dereva hakutaka kuzima, na mimi sikumlazimisha, nikaanzia katikati kama mtu anayemenya ndizi upande wa tumbo.

Nieleze kwanza gari lenyewe na kazi yake, maana vijana wa leo hawajui. Ilikuwa miaka ya tisini. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wamejaa milimani kwetu, kambi baada ya kambi, kutoka Kasulu mpaka Kibondo. Watu walivuka mpaka kwa miguu wakikimbia risasi, na katika kukimbia huko mkono wa mtoto ulimponyoka mzazi. Kuna watu wanasema mzazi gani anaachia mkono wa mtoto. Hao hawajawahi kukimbia na mwingine mgongoni na mwingine tumboni.

Watoto waliookotwa njiani walikusanywa kwenye nyumba moja ndefu ya mabati upande wa Kibondo. Wakubwa walisema majina yao na ya wazazi wao, wakapatikana. Taabu ilikuwa wadogo. Mtoto wa miaka mitatu, minne, ukimuuliza mama yako ni nani, anakujibu ni mama. Na wenzetu wa Burundi, sawa na sisi Waha wa zamani, mtoto hachukui jina la baba yake. Kila mtoto anapewa lake peke yake, baba ana lake, mama ana lake, ndugu watano wana majina matano ambayo hayajuani. Mtu wa kutoka mbali aliyezoea majina ya ukoo anaandika karatasi yake vizuri kabisa, halafu karatasi haimpeleki kwa yeyote.

Ndipo watu wa ustawi wa jamii wakaamua kuwanasa sauti. Kila mtoto alisemeshwa mbele ya redio kaseti, aseme lolote, aimbe, alie hata. Kisha gari lilizunguka kambini na spika mbili za tarumbeta juu ya kichwa chake, likiwapigia watu zile sauti. Mama akisikia ya wake anainua mkono, anaitwa pembeni, anaulizwa maswali, na mtoto kule naye anaulizwa. Majibu yakilingana, anapelekwa. Kazi nzuri. Nimeona watu wakibezwa kwa kazi zao nyingi wakati ule, lakini hiyo sikuibeza.

Ila sauti haikusikika. Watu walilalamika kwamba spika zile zinapiga mluzi mwembamba usioisha, na sauti za watoto zinapita chini yake kama panya chini ya kitanda.

Kwa nini wakaniletea mimi? Hapakuwa na mwingine. Mimi ni mtu wa Kagerankanda, nilisoma mpaka darasa la nne, nikaacha baba alipovunjika mguu. Redio nilijifunza Kigoma mjini, kwa kufagia duka la mtu mmoja aliyekuwa anatengeneza, naye hakunifundisha, aliniacha nitazame tu. Nikarudi Kasulu nikafungua kibanda karibu na soko. Wakimbizi walipokuja, kazi ikawa nyingi. Mtu alikuwa hana sufuria lakini ana redio. Walianika betri juani zipate nguvu kidogo, wakakaa kuizunguka wasikilize habari za kwao. Mzee mmoja alinirudishia redio yake mara mbili akisema haijapona. Nikaifungua, nikaijaribu, nzima. Nikamuuliza, mzee, ina ugonjwa gani? Akasema bado inasema yaleyale.

Basi lile gari likaja. Pikapu nyeupe ya dizeli, imekula vumbi jekundu mpaka weupe wake ukawa wa kuambiwa. Walikuwa watu watatu. Dereva, mtu wa Kakonko, mcheshi, mwenye mdomo. Mama wa ustawi, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu mpole, amejifunga ushungi, anaumwa mgongo kwa barabara zetu. Na wa tatu alikuwa mwanamke wa Burundi, mwembamba, amekaa nyuma juu ya tairi la akiba, hana mzigo wowote.

Nikamwamkia kwa Kiha, mwakeye. Akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia wakubwa, akajibu kwa Kirundi, na lugha hizi mbili ni mtu na mdogo wake, tukaelewana. Akaniita muvyeyi, yaani mzazi, ndiyo heshima yao.

"Fundi," dereva akasema, injini inanguruma, "wameniambia wewe unaweza kumfufua hata marehemu. Nikasema labda marehemu wa Kasulu, hao hufa nusu nusu."

"Zima gari kwanza," nikamwambia.

"Nikizima hapa tambarare tutalala hapa. Stata imekufa, betri ni mgonjwa. Gari hili linazimwa mteremkoni tu, na kwa dua."

Ndiyo ilikuwa desturi ya magari yetu wakati ule. Ukitazama barabara zote za Kasulu na Kibondo, magari yaliegeshwa kwenye vichwa vya miteremko yakisubiri kusukumwa. Dereva aliijua milima ya wilaya kwa kuhesabu ipi inawasha. Na pasipokuwa na mlima, gari halizimwi, linanguruma siku nzima. Sikuona ajabu.

Mama wa ustawi akanivuta pembeni kunieleza habari ya yule mwanamke. Alimpoteza binti yake mdogo siku ya kuvuka. Gari lilipopita kambini kwake, njia ya Kitanga, alisikia sauti moja akaanguka chini. Akasema ni binti yangu. Wakamuuliza maswali, majibu yake mengine yakakaribia na mengine yakaenda mbali, na kwa sababu ya ule mluzi hakuna aliyejua kama kweli amesikia au ametamani. Wenzake mama wa ustawi ofisini wakasema mwanamke huyo anatafuta kadi ya pili ya chakula.

"Wewe unasemaje, mama?" nikamuuliza.

"Mimi sisemi, fundi. Nikimpeleka Kibondo, mtoto akaonyeshwa mama asiye wake, anaumia. Tumewahi kumfanyia mtoto mmoja hivyo mara mbili. Sasa haongei kabisa. Nataka kanda isikike safi, asikilize, aseme ndiyo au hapana. Akisema ndiyo kwa sauti safi, nitampeleka mwenyewe."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu. Nikashika kazi.

Wakaweka kanda. Spika zikaanza, na kweli, mluzi ukajaa soko zima, wauza dagaa wakageuka. Chini yake sauti za watoto. Yule mwanamke akashuka kwenye tairi akasimama karibu na spika, akainamisha kichwa. Sauti moja ilipofika akaninyooshea kidole, yaani hiyo. Mimi nilisikia kitu chembamba, kama mtu anaongea ndani ya chungu.

Nikamwambia dereva akanyage mafuta. Mluzi ukapanda. Akaachia, ukashuka. Hapo hata mtoto anajua ni altaneta, ile dinamo inayochaji betri, maana injini ya dizeli haina plagi za kutupa cheche, haikwaruzi redio kwa tiki tiki kama ya petroli. Nikachomoa waya wa antena, hakuna kilichobadilika. Nikapunguza sauti ya deki ya kanda mpaka mwisho. Mluzi ukapungua lakini haukuisha. Hilo lilinisumbua, kwa sababu mluzi wa namna hiyo ama unaingia kabla ya kitufe cha sauti, na ukipunguza unakwisha wote, ama unaingia mbele yake na ukipunguza unabaki vilevile. Huu ulikuwa nusu na nusu. Nikajisemea una milango miwili. Fundi akishajipa jibu, masikio yake yanaziba.

Nikafuata nyaya. Amplifaya ilikuwa chini ya kiti, na waya wake wa erthi umefungwa kwenye bodi kwa skrubu iliyopigwa juu ya rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Deki nayo ilikuwa na erthi yake kwenye dashibodi. Erthi mbili, sehemu mbili, moja mbovu. Hapo umeme wa altaneta unatafuta njia ya kurudi nyumbani, unapita kwenye waya wa sauti. Nikazikata zote mbili, nikavuta waya mmoja mnene mpaka kwenye betri yenyewe, nikasugua kichwa cha betri kwa msasa mpaka kikang'aa, nikazifunga pamoja.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Injini ikapiga kelele yake ya kawaida ya chuma, lakini ndani ya spika hakuna kilichopanda.

"Kasulu oyee," dereva akasema. "Nitawaambia Kakonko wasiwacheke tena mpaka Jumapili."

"Fundi," mama wa ustawi akasema polepole, "bado upo."

Nikasikiliza. Ulikuwepo. Mwembamba zaidi, hautikisiki, haupandi kwa mafuta wala haushuki, umekaa pale pale juu ya sauti za watoto kama ukungu juu ya mto. Dereva akakanyaga tena na tena, ukabaki umelala. Nikashika altaneta kwa mkono, nikagusa pampu, nikachomoa fyuzi moja moja. Watu walishakusanyika. Mpiga pasi mmoja wa jirani akasema hilo ni pepo, litolewe kwa kinyago. Dereva akamjibu, kaanze na suruali ya watu uliyoichoma.

Mwisho nikasema gari lizimwe, ninataka kusikia likiwa limekufa. Dereva akaapa, akanung'unika, lakini watu wa soko wakampisha, akaliendesha polepole mpaka barabara inapoanza kuinamia bondeni, akaweka jiwe chini ya tairi, akazima.

Kila mtu akanyamaza. Sijui kwa nini watu hunyamaza injini ikizimwa, labda ndipo wanapokumbuka walikuwa wanapaza sauti. Nikabonyeza kanda.

Mluzi ukaendelea.

Gari limezimwa, ufunguo uko mkononi mwa dereva, na injini inalia ndani ya spika.

Yule mwanamke akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Wazime basi hiyo motere."

"Imezimwa, mama," dereva akamwambia.

Hakuamini. Alikwenda mbele akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda, kama unavyopima homa ya mtu. Kisha akatutazama sisi wote watatu akisubiri tumwambie ni nini, na mimi nilikuwa nimeshaelewa, nikawa natafuta mtu mwingine aseme.

"Mlinasa wapi hizi sauti?" nikamuuliza dereva.

"Kulekule Kibondo. Uwanjani, mbele ya nyumba ya watoto."

"Redio kaseti mliiweka wapi?"

"Kwenye kiti hapa. Betri zake ziliisha, tukaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara."

"Na gari?"

Akalitazama jiwe lililo chini ya tairi. "Pale tambarare," akasema.

Kwa hiyo injini ilikuwa ndani ya kanda. Waliwanasa watoto gari likinguruma, redio kaseti inanyonya umeme wa altaneta ileile, na mluzi ukaingia pamoja na sauti zao na ukalala nao. Kilichopanda na kushuka nilikitoa. Hiki hakikuwa cha kutoa. Nilijaribu, sitasema sikujaribu. Nilichukua kanda nikaitia kwenye redio nzuri ya mteja iliyokuwa kibandani, yenye vitufe vya kupunguza sauti kali na kuongeza nzito. Nikipunguza kali, mluzi unafifia, na mtoto anafifia nao. Sauti ya mtoto mdogo na mluzi wa altaneta injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, vinakaa urefu mmoja. Ni kama kutafuta chumvi kwenye mchuzi uitoe kwa mkono.

Yule mwanamke alikuwa amechuchumaa mlangoni. Nikamuuliza kwa Kiha, mama, wewe unasikia nini hapa? Unajuaje ni yeye?

"Anavyovuta pumzi kabla ya kusema," akanijibu. "Anavuta kidogo, anaacha, anavuta tena. Alizaliwa hivyo. Nilimlaza kifuani miaka yote, sitaijua pumzi yake?"

Nikairudisha ile sehemu nikasikiliza pumzi. Wallahi sikusikia. Mama wa ustawi naye akainama, akasikiliza, akatikisa kichwa, lakini si kwa kukataa, ni kwa kutojua.

Akaamua palepale. Twende Kibondo, tuwanase watoto upya, gari likiwa limezimwa, na betri mpya kwenye redio kaseti, na fundi aje asimamie. Yule mwanamke hakuweza kwenda, kibali chake kilikuwa cha kutoka kambini na kurudi siku ileile. Tulimrudisha kwanza. Alipokuwa anashuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Muvyeyi, ukimwona, usimwambie kitu. Msikilize tu anavyopumua, halafu uje unisimulie."

Nikamwambia nitamsikiliza.

Safari ya Kibondo sitaisimulia yote. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, maana majambazi walikuwa porini na bunduki zilizovuka mpaka pamoja na watu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo wetu ukilowa ni sabuni. Mahali pamoja lori lilikuwa limelala ubavu, mahindi ya msaada yamemwagika, na watu wanayazoa kwa mikono pamoja na tope. Dereva wangu aliyekuwa na utani wa kila kilima akapita pale kimya. Mbele kidogo akaniambia kwamba yeye mwenyewe mama yake mzazi alivukia Burundi akiwa mgongoni mwa bibi, zamani, njaa ya kwetu. "Kwa hiyo nikiwacheka wakimbizi, fundi, ninajicheka," akasema.

Nyumba ya watoto ilikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Nilitegemea vilio. Hapakuwa na vilio, na hilo lilinikaa vibaya zaidi. Watoto walikaa kwenye mkeka kwa mistari, wakitugeukia wote pamoja mlango ulipofunguliwa, wakatutazama usoni mmoja mmoja, kisha wakageuka wote pamoja. Nikaja kuelewa ndivyo walivyofanya kila mlango ulipofunguliwa.

Mlezi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mkimbizi mwenyewe. Mama wa ustawi akampa namba ya yule mtoto, maana walipewa namba. Mlezi akaitazama, akaangalia chini.

"Huyo hayupo," akasema.

"Amechukuliwa?"

"Surua. Ilipita hapa mvua zilipoanza. Iliwachukua wa upande ule wa mkeka."

Mvua zilipoanza. Gari lilikuwa halijapita hata mara moja kambini kwa yule mwanamke. Siku aliyoanguka chini aliposikia, mtoto alikuwa tayari yumo ardhini. Alikuwa ameapia sauti ya maiti, na ofisini wamebishana juu ya kadi ya chakula.

Mama wa ustawi akakaa kwenye benchi akashika mgongo wake. Akauliza, alikuwaje? Ana alama? Alikuwa anapumua namna gani? Mlezi akasema yeye amekuja baada ya hapo, aliyekuwepo amehamishiwa kambi nyingine. Nguo? Nguo zilifuliwa wakapewa wengine. Wakatuonyesha nyuma ya nyumba walipozikwa watoto, vilima vidogo vya udongo na vijiti, baadhi ya vijiti mvua imekwisha kuviangusha. Mlezi alijaribu kutuonyesha ni kipi, akaonyesha kimoja, akasita, akaonyesha cha pili. Tukamwambia basi, mama, inatosha.

Tulifanya kazi tuliyoendea. Gari likazimwa mteremkoni, mbali. Nikatia betri mpya, nikajifungia na watoto chumba kimoja chenye godoro ukutani ili pasiwe na mwangwi, wakaingia mmoja mmoja. Niseme ukweli, kunasa kule kulikuwa kuzuri. Ulisikia mtoto anameza mate. Ulisikia kidole kinakuna mguu. Pumzi zote zilisikika, ndefu, fupi, za mafua. Kijana mmoja mdogo alikataa kusema neno, akakaa tu mbele ya redio akipumua, na mama wa ustawi akaniambia nimwache, hata hiyo inatosha. Ndiye yule aliyeonyeshwa mama wasio wake.

Tuliporudi Kasulu nilikuwa na haki ya kushuka kibandani kwangu, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Lakini niliahidi kusimulia. Nikabaki ndani ya gari mpaka kambini.

Tulimkuta nje ya kibanda chake cha plastiki anachambua maharage. Alituona, akafuta mikono, akasimama. Alinitazama mimi, si mama wa ustawi. Nadhani alijua tangu hapo, kwa sababu mtu mwenye habari njema hashuki kwenye gari polepole vile.

Mama wa ustawi alimwambia mwenyewe, na mimi nikageuza maneno yake kwa Kiha pale alipokwama. Alimwambia mtoto wa ile sauti alifariki kwa surua, zamani kidogo, na amezikwa vizuri. Hilo la vizuri aliliongeza yeye, nami nikaligeuza hivyo hivyo.

Mwanamke hakulia. Alikaa chini tena kwenye kigoda chake. Akasema, "Niwekeeni ile kanda."

"Ile ya zamani?"

"Ileile."

Dereva aliligeuza gari likae kwenye mteremko, akazima. Tukaweka kanda kwa sauti ndogo. Majirani wakatoka kwenye vibanda, wakasimama mbali kidogo. Mluzi ukaja, ukakaa mahali pake, na chini yake ile sauti. Aliinamisha kichwa kama siku ile ya sokoni. Ilipokwisha akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Midomo yake ilikuwa inatikisika, kama mtu anayefuata sala ya mwenzake. Nilimwangalia kifua. Nitakachosema hapa ni nilichokiona kwa macho, mwingine ananiambia ni uzee: alikuwa anavuta pumzi kidogo, anaacha, anavuta tena.

Kisha akainua kichwa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si uwanje."

Si wangu.

Mama wa ustawi akamsogelea. "Mama, siku ile ulisema—"

"Siku ile ilikuwa kelele ya motere. Ilinidanganya." Akageukia kwangu. "Muvyeyi, si ulisema mwenyewe hii ni motere tu ndani ya kanda?"

"Nilisema," nikamjibu.

"Basi. Huyo ana mama yake, mama yake ndiye atamlilia. Wangu bado." Akapangusa goti. "Mlisema mmenasa upya. Niwekeeni hiyo mpya."

Tukaweka kanda mpya. Ikasikika safi mpaka kwenye vibanda vya mbali, watu wakazidi kutoka, na huko nyuma mwanaume mmoja akapiga ukelele na kuanza kukimbia kuja kwetu, kwa sababu alimsikia wake. Huyo alimpata, nasema ili mjue kazi haikuwa bure. Yule mwanamke alisikiliza wote mpaka mwisho, hata yule aliyepumua tu. Hakuinua mkono. Kanda ilipokwisha alitupigia makofi ya shukrani, polepole, kama wanavyoshukuru wakubwa, akasema mkija tena na wengine msiache kupita huku kwetu.

Na kila gari lilipopita alikuwa mbele ya watu wote, wananisimulia, maana mimi sikurudi tena.

Tukiwa njiani dereva alisema kanda hazitoshi, ile ya zamani ifutwe, sauti nyingine zinaswe juu yake. Mama wa ustawi akanipa kanda ile mkononi.

"Fundi, kuna namna ya kuizuia isinaswe tena?"

Kanda zile zina vidirisha viwili nyuma, vimezibwa kwa vipande vidogo vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kunasa juu yake. Nikavivunja kwa bisibisi, kimoja, cha pili, nikamrudishia. Akaitia kwenye mkoba wake. Hakusema anaiweka kwa ajili ya nani.

Tukaendelea na safari, jua linashuka upande wa Burundi. Dereva akaniuliza, safari hii bila utani, "We ulisikiaje, fundi? Alikuwa wake?"

Nikamwambia ukweli. "Mimi nilisikia injini."